Nanji Mehta: Mwenye sukari wa Lugazi na njia ya Arya Samaj

NSAMBYA, Kampala

KILA dini kubwa mjini Kampala ina kilima chake. Waanglikana wako Namirembe, Wakatoliki Rubaga, Waislamu Kibuli, na hapa Nsambya walipewa mapadri wa Mill Hill waliofika mwaka 1895. Wahindu hawakupewa kilima. Nyumba zao za ibada zilijengwa kule chini mjini, katikati ya maduka, kwa kuwa wenyewe walikuja kununua na kuuza. Dini yao ilifika ikiwa ndani ya sanduku la mfanyabiashara, pamoja na daftari la hesabu.

Mmoja wa watu hao alikuwa Nanji Kalidas Mehta. Vijana wanaovuka mpaka siku hizi na mizigo yao huenda hawalijui jina lake, lakini kazi yake wanaiona kila safari. Anayetoka Nsambya alfajiri kwenda Busia au Malaba, akishapita Mukono, hukutana na mashamba ya miwa. Hapo ni Lugazi, kilomita 45 hivi kutoka Kampala. Mbele yake ni msitu wa Mabira, kisha mto Nile na mji wa Jinja, kisha Iganga, ambako njia moja huchepuka kuelekea ndani ya Busoga. Barabara hiyo ni kama maisha ya Mehta, ila yeye aliyapitia kinyume. Alianza Busoga, akaja kuota mizizi Lugazi.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na bandari ya Porbandar, pwani ya Gujarat, magharibi mwa India. Ukoo wake ulikuwa wa Walohana, jamii ya Wahindu ambayo imetoa wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki. Porbandar hiyohiyo ndipo alipozaliwa Mohandas Gandhi mwaka 1869, na majina ya wawili hao yatakutana tena mbele katika habari hii.

Watu wa bandari ile waliijua Afrika zamani sana. Majahazi yao yalishuka na upepo wa kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakasubiri kusi igeuke, yakarudi na pembe, karafuu na boriti. Ilikuwa desturi ya familia nyingi kumtoa mtoto wa kiume mapema, akiwa na miaka 12 au 13, na kumpeleka kwa ndugu mwenye duka ng'ambo. Huko alifagia, alipima chumvi, alilala juu ya magunia, na baada ya miaka michache alijua bei, alijua Kiswahili, na alijua nani hulipa deni na nani hakimbiliki. Nanji naye aliondoka kwao akiwa na umri wa miaka 13 hivi, kwa jahazi, mwanzoni kabisa mwa karne ya 20. Shule aliyoipata ilikuwa ndogo.

Wakati huo reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu, mwaka 1901. Aliyetaka Uganda alishuka hapo akapanda meli ya ziwani hadi Jinja au Port Bell. Baada ya hapo ni miguu, baiskeli na wapagazi. Wahindi waliotangulia, kama Allidina Visram, Mwismailia aliyekuwa na maduka mengi kuliko mtu mwingine yeyote enzi hizo, walikuwa wameshaonyesha kuwa kijiji kilicho mbali na boma hakikosi wateja. Mehta alifuata mkondo huo akaingia Busoga, na duka lake la mwanzo analokumbukwa nalo lilikuwa Kamuli.

Wasomaji wetu wanaofanya biashara ya mpakani hawahitaji kuelezwa sana duka la aina hiyo. Mbele kuna kitambaa cha marikani, chumvi, viberiti, majembe na mafuta ya taa. Nyuma kuna ngozi, ufuta na baadaye pamba, vitu ambavyo mkulima ameleta badala ya fedha taslimu. Mwenye duka anapata faida mara mbili, akiuza na akinunua, na hasara yake pia ni mara mbili bei ikianguka Mombasa kabla mzigo haujafika. Fedha ilikuwa rupia ya India hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilipobadilishwa ikaja shilingi. Aliyekuwa na akiba ya rupia wakati huo alijifunza mapema jambo ambalo wengi wetu tumelijua kwa uchungu miaka ya karibuni, kwamba serikali ikibadili noti, anayeumia ni mwenye kuzishika.

Pamba ndiyo iliyomtoa Mehta kwenye duka. Mbegu zililetwa Uganda mwaka 1903 na kugawiwa wakulima kupitia machifu, na ndani ya miaka michache Busoga, Buganda na Teso zilikuwa zimejaa pamba. Mwaka 1912 Busoga ilipata reli yake fupi kutoka Jinja hadi Namasagali, na wenye pamba wa upande wa Kamuli wakapata njia ya kutoa marobota. Mehta alijenga viwanda vya kuchambua pamba, akawa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa zao hilo. Mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa na mizani. Yeye ndiye aliyesema gunia hili lina uzito gani na pamba hii ni safi au chafu. Hapo ndipo utajiri ulipoanza, na hapo pia ndipo manung'uniko yalipoanza, kama tutakavyoona.

Mwaka 1924 alifungua kiwanda cha sukari Lugazi, cha kwanza katika Uganda. Kwa mtu wa pamba hiyo ilikuwa hatua kubwa. Pamba inalimwa na maelfu ya wakulima, kila mmoja na kipande chake, na mwenye kiwanda anangoja iletwe. Muwa haungoji. Ukishakatwa, sukari yake hupungua kila siku inayopita, kwa hiyo kiwanda lazima kiwe katikati ya shamba lake chenyewe. Mashine zilitoka Ulaya, zikapitia Mombasa, zikavuka ziwa na kubebwa hadi porini. Reli ya moja kwa moja kufika Kampala ilikuja mwaka 1931 tu, ilipojengwa daraja la Jinja. Ndipo nyumba za wafanyakazi wa reli zilipopandishwa huku Nsambya, na makarani na mafundi wa Kihindi wakawa majirani wa mapadri.

Miaka sita baada ya Lugazi, yaani 1930, Muljibhai Madhvani na wenzake walifungua kiwanda cha Kakira karibu na Jinja. Madhvani naye alikuwa Mlohana wa Gujarat. Tangu hapo sukari ya Uganda imekuwa na majina hayo mawili, Lugazi na Kakira, na wauza sukari wa Busia wanayataja hadi leo kama mtu anavyotaja timu mbili za mpira.

Watu waliofanya kazi shambani hawakuwa matajiri. Waganda wengi waliona afadhali kulima pamba na kahawa yao kuliko kukata miwa ya mtu, hivyo vibarua walitoka mbali, hasa Ruanda-Urundi na West Nile. Walitembea wiki nzima au zaidi kuifikia kazi ya mshahara mdogo. Baadhi yao hawakurudi. Ukiuliza asili ya familia za maeneo ya Lugazi utasikia majina ya sehemu zote hizo.

Sasa tuje kwenye dini yake, maana bila hiyo Mehta anabaki tajiri mwingine tu.

Mehta alikuwa mfuasi wa Arya Samaj. Chama hicho kilianzishwa Bombay mwaka 1875 na Swami Dayananda Saraswati, mzaliwa wa Gujarat pia. Dayananda alifundisha kwamba Wahindu warudi kwenye maandiko yao ya kale kabisa, Veda, na waache kuabudu sanamu. Alipinga ndoa za watoto. Alitaka mjane aruhusiwe kuolewa, na alitaka mtoto wa kike asome kama wa kiume. Alikataa pia kwamba mtu awe mchafu kwa sababu tu ya tabaka alilozaliwa nalo. Mtu aliyezoea hekalu lenye sanamu zilizovishwa nguo na maua angeshangaa kuingia katika ukumbi wa Arya Samaj. Hakuna sanamu ya kuabudiwa. Kuna shimo dogo la moto, watu wamekaa kulizunguka, wanatia samli na mitishamba huku wakisoma aya za Veda. Baada ya hapo kuna hotuba, na mara nyingi kuna mchango.

Chama hicho kilivuka bahari na watu wa reli. Nairobi ilipata tawi mwaka 1903, mji wenyewe ukiwa bado mahema na mabati, na wengi wa wanachama wa mwanzo walikuwa Wapunjabi wa karakana na ofisi za reli. Matawi mengine yalifuata katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, Kampala ikiwemo. Hayakuwa na askofu wala hazina ya kutoka ng'ambo. Yaliendeshwa kwa fedha za wenye maduka, makarani na mafundi, na pale penye tajiri kama Mehta mzigo ulikuwa mwepesi. Kazi yao kubwa ilikuwa shule, hasa za wasichana, wakati ambapo Wahindi wengi waliona kumsomesha binti ni kupoteza ada.

Si Wahindu wote walipenda mambo hayo. Wengi walibaki na desturi za zamani, wakajiita watu wa Sanatan Dharma, maana yake dini ya milele, na ndio waliojenga lile hekalu kubwa la mawe ya nakshi mjini Kampala katika miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa Mwafrika aliyepita njiani wote walikuwa Wahindi tu. Ndani yao walibishana sana, kama Waprotestanti na Wakatoliki walivyobishana kwenye vilima vyao.

Ukitaka kuona Mehta aliamini nini, tazama alikoweka fedha. Katika miaka ya 1930 alianzisha kule Porbandar shule ya bweni ya wasichana iitwayo Arya Kanya Gurukul. Wasichana walifundishwa Veda na Kisanskriti pamoja na masomo ya kisasa na michezo. Mwana wa duka ambaye yeye mwenyewe hakusoma sana alijenga shule, na hakuijengea watoto wa kiume. Binti yake Savita alikuja kuiongoza shule hiyo, na akajulikana India nzima kwa ngoma za Manipur, jambo ambalo familia nyingi za biashara za wakati huo zingelikataza.

Jengo lake jingine la Porbandar ni Kirti Mandir, kumbukumbu iliyojengwa kando ya nyumba aliyozaliwa Gandhi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1947, Gandhi akiwa hai. Aliuawa Januari 1948, na jengo likafunguliwa mwaka 1950 na Sardar Vallabhbhai Patel, naibu waziri mkuu wa India. Urefu wake ni futi 79, futi moja kwa kila mwaka wa maisha ya Gandhi kwa hesabu yao. Fedha za ujenzi zilitoka kwa Mehta, na utajiri wake ulikuwa umeanzia kwenye pamba ya Busoga na miwa ya Lugazi. Na kwa upande wa pili, sehemu ya majivu ya Gandhi ililetwa Uganda mwaka huo wa 1948 ikamiminwa katika Nile pale Jinja, safari ya saa moja hivi kutoka Lugazi. Wapitao hapo wameiona sanamu iliyowekwa mwaka 1997.

Habari hii ina upande mwingine, na haifai kuuficha.

Mkulima wa pamba hakuiona shule ya Porbandar. Aliiona mizani. Sheria za serikali ya kikoloni zilimzuia kuchambua pamba yake mwenyewe, na bei ilipangwa bila yeye kuulizwa. Mwaka 1949 Buganda ililipuka. Miongoni mwa madai ya wakulima ilikuwa ruhusa ya kuchambua na kuuza pamba yao bila kupitia kwa Wahindi wala bodi ya serikali. Gavana Andrew Cohen alipokuja mwaka 1952 ndipo vyama vya ushirika vilipoanza kupata viwanda. Miaka saba baadaye, 1959, Augustine Kamya na wenzake waliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya Wahindi, na Wahindi wengi wa vijijini Buganda walifunga milango wakakimbilia mijini. Duka la aina ile ya Kamuli, ambalo Mehta alianzia, lilianza kufa hapo, miaka 13 kabla ya Amin.

Je, mtu aliyepinga ubaguzi wa tabaka miongoni mwa Wahindu aliuona ule uliokuwa kati ya Mhindi na Mwafrika? Lugazi ilikuwa na hospitali na shule kwa ajili ya watu wa shamba, na hilo lihesabiwe upande wake. Lakini Arya Samaj, ambayo kwa mafundisho yake ingeweza kumpokea mtu yeyote, ilibaki Afrika Mashariki kuwa nyumba ya Wahindi karibu watupu. Mlango haukufungwa kwa kufuli, ila aliyekuwa nje hakukaribishwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo liliwagharimu kuliko walivyodhani, kwa sababu siku mbaya ilipofika hawakuwa na majirani wengi wa kuwatetea.

Mehta hakuiona siku hiyo. Kitabu cha maisha yake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, kikiwa na jina la kuzungumzia ndoto iliyoelezwa nusu tu. Alifariki Porbandar tarehe 25 Agosti 1969, akiwa na miaka 81. Katika uhai wake Uganda ilikuwa imepata uhuru, na sukari ya Lugazi na Kakira ilitosha nchi na kubaki.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwa Wahindi wenye uraia wa Uingereza na wa nchi za Bara Hindi wana siku 90 za kuondoka, na mwisho hata waliokuwa na uraia wa Uganda wengi hawakusalimika. Makumi ya maelfu waliondoka. Lugazi ilichukuliwa na serikali. Maduka, nyumba na mali nyingine ziliwekwa chini ya bodi ya mali za Wahindi walioondoka. Kumbi za ibada mjini Kampala zilibaki bila watu.

Wenye umri wanakumbuka kilichofuata. Mashine za Lugazi zilikosa vipuri, mashamba yakaota nyasi, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 nchi iliyokuwa ikiuza sukari nje ilikuwa inaitafuta kilo moja kwa cheti. Sukari ikaanza kuingia kutoka Kenya kwa usiku, kwa baiskeli na kwa vichwa vya akina mama, kupitia njia za Busia na Lwakhakha. Neno magendo, ambalo watu wa pwani walikuwa nalo zamani, likawa neno la kila siku hata kwa wasiojua Kiswahili kingine. Familia nyingi za mpakani zilisomesha watoto kwa biashara hiyo, na baadhi zilizika watoto kwa sababu yake.

Wahindi walianza kurudi kidogo kidogo baada ya Amin kuanguka mwaka 1979. Mahendra, mwana wa Nanji, alikuwa miongoni mwa waliorudi mapema. Akaingia ubia na serikali, na kampuni ikaitwa Sugar Corporation of Uganda. Haikuwa kazi ya siku moja. Ilibidi mikopo itafutwe na mashamba yapandwe upya, wakati nchi ingali vitani. Sheria ya kurudisha mali ilipitishwa mwaka 1982, lakini wengi walirudishiwa nyumba zao miaka ya 1990 tu, chini ya Rais Museveni. Aliyekuta mpangaji ndani ya nyumba ya baba yake, na mpangaji aliyeambiwa ahame baada ya miaka 20, kila mmoja ana kisa chake. Waganda waliorudi kutoka uhamishoni Nairobi na Dar es Salaam walikuta vivyo hivyo katika viwanja vyao, ingawa wao hawakuwa na sheria maalumu.

Jina la Mehta lilirudi magazetini kwa kishindo mwaka 2007. Serikali ilitaka kuipa kampuni ya Lugazi hekta zipatazo 7,100 za msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu wote, ili ipanue miwa. Watu walitumiana ujumbe wa simu wa kususia sukari ya Lugazi, na Aprili 12 maandamano ya Kampala yakageuka ghasia. Watu kadhaa walikufa, akiwemo Mhindi aliyepigwa mawe barabarani, mtu ambaye hakuwa na hisa wala neno katika shauri la Mabira. Polisi waliwaokoa Wahindi waliokuwa wamejificha, baadhi yao wakiwa ndani ya hekalu.

Kabaka na Kanisa la Uganda walijitolea kutoa ardhi nyingine ili msitu uachwe. Mpango ukasimamishwa mwaka huohuo, ukafufuliwa mwaka 2011, ukapingwa tena. Hekta zile hazikupandwa miwa, na basi la Busia likishatoka Lugazi bado huingia chini ya miti.